Bolti Zimekubali, Hesabu Je?

Injini ilikuwa imelala juu ya taili kuukuu chini ya mwarobaini, kando ya barabara itokayo Magongo kuelekea uwanja wa ndege wa Moi. Matundu yake ya ekzosi yalikuwa yamezibwa kwa nailoni, na nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa kisu palepale zilipoingia kwenye bodi ya gari, kama mtu aliyeng'olewa na shati. Fundi alipitisha kidole kwenye ubavu wa chuma, akasoma herufi zilizochongwa pale, akamgeukia mwenye gari.

"Mwalimu, hii ni 7A. Itakubali."

Kukubali ndilo neno la gereji zote za Port Reitz. Bolti ikiingia, imekubali. Giaboksi ikishika, imekubali. Gari likiwaka na kuunguruma, basi mambo yote yamekubali na mtu adai pesa yake. Mimi nilikuwa nimemsindikiza tu jirani yangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na Corolla yake ya AE100 iliyokuwa ikitoa moshi wa buluu kila asubuhi hadi majirani wakafunga madirisha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: mara nyingi ringi za pistoni zimelika, oili inapanda hadi mahali pa moto.

Mwalimu angeweza kuifanyia injini yake ovahoo. Lakini ovahoo ni kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi mpya, na wiki kadhaa za "kesho, mwalimu". Injini nzima kutoka Japani mara nyingi humaliza kazi kwa siku mbili tatu. Zinapatikana kwa wingi kwa sababu ambayo haihusiani na ubovu wake. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo, waitao shaken, huja pamoja na kodi na bima. Gari likishazeeka kidogo, mwenyewe huona bora alitupe. Wenye yadi hulifumua, injini ikapangwa kontenani na wenzake, na miezi kadhaa baadaye inatua Kilindini. Awamu ya kwanza ya gati ya pili ya kontena, huko Kipevu, ilianza kazi mwaka 2016 na ilijengwa kwa mkopo wa Japani. Kwa hiyo Japani imetukopesha mlango wa kupitishia vyuma vyake vikuukuu, na mimi silalamiki.

Gari zima la umri huo halingeweza kuingia kwa mlango huohuo, maana Kenya hairuhusu magari ya mtumba yaliyopita miaka minane. Mwenye AE100 hana budi kuitunza bodi aliyo nayo na kuitafutia moyo mwingine.

Herufi A kwenye 7A ni jina la ukoo ulioanza mwaka 1978. Gari la mwalimu lilitoka kiwandani na 5A. Kuna pia 4A, na hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja: matundu ya bolti za kufungia giaboksi yamekaa mahali pamoja, mauntini zinafanana au hurekebishika bila kuchomelea. Kinachotofautiana ni nafasi ya ndani. Mwalimu alichukua kipande cha mfuko wa simiti, akaomba vipimo, akakokotoa huku fundi akimwangalia kwa mashaka. Kipenyo cha silinda ya 5A ni milimita 78.7 na pistoni husafiri milimita 77. Silinda nne: sentimita za ujazo 1,498. Kwa 4A safari ni ileile lakini kipenyo ni 81, jumla 1,587. Kwa 7A kipenyo kimebaki 81 na safari imekuwa 85.5, na mwalimu akapata 1,762.

"Pistoni inakwenda mbali zaidi," akasema. "Sasa hiyo nafasi imetoka wapi?"

Fundi akacheka, kwa sababu swali lilikuwa lake. Bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu kuliko za nduguze. Ndiyo maana belti ya taiming ya 4A haiifai, na bomba la ekzosi huenda likahitaji kuvutwa kidogo ili likutane na mwenzake.

Kabla ya kulipa, fundi alifunga betri na kuipima injini mgandamizo. Aling'oa plagi zote, akaweka geji kwenye tundu moja moja na kuzungusha kwa stata. Geji ilipanda hadi karibu 180 kwenye silinda tatu, ya nne ikasimama 165. Akamimina kijiko cha oili ndani ya ile ya nne, akapima tena, ikapanda. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda. Kama namba isingepanda, lawama zingekwenda kwenye valvu. Alidai bei ishuke, ikashuka. Alinunua na belti mpya na sili ya krenki, maana injini ikiwa chini kazi hiyo ni ya nusu saa, na ikiwa ndani ya gari ni ya kutukana.

Jioni ya siku ya pili gari liliwaka kwa mpigo mmoja. Bolti zilikuwa zimekaa kama chanda na pete. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekitazama, nacho kilikuwa kimejificha ndani ya gari, chini ya dashibodi: kompyuta ya zamani, ile ya 5A.

Kompyuta hiyo haipimi hewa inayoingia. Inapima presha ndani ya manifodi, joto la hewa, na kasi ya krenki, kisha inakadiria: kwa presha hii, kila silinda imevuta hewa kiasi hiki, basi niipe petroli kiasi hiki. Ukubwa wa silinda haiuulizi, kwa sababu uliandikwa kiwandani kwenye kumbukumbu yake. Yenyewe bado inaamini inaendesha injini ya 1,498. Hewa halisi sasa ni ya 1,762, yaani petroli inapungua kwa karibu asilimia 15.

Ukiendesha taratibu kwenda Changamwe hutagundua. Petroli huungua vizuri kwa uzani wa hewa 14.7 kwa petroli 1, na kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni inayonusa moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze. Sensa inafidia kosa, kimyakimya. Taabu huanza ukikanyaga mafuta hadi chini, kwa mfano gari limejaa watu na mnapanda kwenda Mazeras. Hapo kompyuta humpuuza mnusaji huyo na kufuata jedwali lake, likilenga kama 12.5 kwa 1. Petroli ile ya ziada hupooza chumba cha moto inapogeuka mvuke. Punguza asilimia 15 ya petroli kwenye 12.5 kwa 1, na hewa inakuwa 14.7 kwa petroli 1. Injini inabeba mzigo mkubwa bila kile cha kuipooza. Huanza kugonga, pistoni hupata moto kupita kiasi, na huyo aliyesifu nguvu mpya kule Miritini anaweza kurudi akivutwa.

Nami nasema hivi: mafundi wengi wanaujua mkono wa injini kuliko wanavyoijua akili yake, na si kosa lao, maana muuzaji huuza chuma na kompyuta hubaki kwenye pipa la takataka Japani. Kuna hata 7A iliyotengenezwa makusudi kuchoma petroli haba, iliyotumika kwenye Carina; hiyo bila kompyuta yake ni fumbo tupu.

Hewa ya chumvi ya bahari nayo huchangia kuipotosha kompyuta. Kiunganishi kilichoota kutu ya kijani hudanganya sensa, na waya wa ardhi uliolika hudanganya zote. Kisha kuna karatasi: namba ya injini iko kwenye logibuku. Mwalimu alikwenda kuwajulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, na gari likakaguliwa, risiti ya kununulia ikiwa mfukoni.

Wiki mbili baadaye taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi alifungua boneti, akafunua kiboksi kidogo cheusi, akakunja kipande cha waya na kukiunganisha kwenye matundu mawili, TE1 na E1. Taa ikaanza kumetameta. Mwalimu alihesabu kwa sauti, kama darasani: mbili, ikatua, tano.

"Ishirini na tano," akasema fundi. "Petroli haba." Akachomoa waya, akafuta mikono, akampigia simu yule muuzaji kumwuliza kama lile kontena lilikuja na kompyuta zake.