Spika ya Sikioni Haishiki Chaji: Fuata Umeme Kabla ya Kulaumu Betri

Kati ya vifaa vyote vinavyofika kwenye meza ya fundi simu siku hizi, spika za masikioni zisizo na waya ndizo zinazohukumiwa haraka kuliko zote. Upande mmoja ukigoma kushika chaji, mwenyewe anasema betri imekufa, rafiki yake anaunga mkono, na fundi mwenye foleni naye anaafiki. Muda si mrefu mtu anaulizia bei ya mpya. Mimi ni fundi wa vifaa vidogo, na nasema bila kusita: mara nyingi betri haina kosa lolote. Umeme umekwama njiani, pale chuma kinapogusana na chuma, na pale mwenye kifaa anaweza kupafikia mwenyewe nyumbani bila bisibisi.

Betri tatu, safari mbili

Ukinunua spika hizi unanunua betri tatu. Moja kubwa kidogo imo ndani ya kikasha, na kila spika ina yake. Betri ya kikasha mara nyingi ni ya mAh 300 hadi 600. Ya spika kwa kawaida haifiki mAh 100, na nyingi ziko kati ya 30 na 60. Simu nyingi za sasa zina mAh 5,000. Kwa hiyo spika inaishi kwa akiba ndogo mno, na kikwazo ambacho simu isingekihisi kinatosha kuifanya ilale njaa.

Safari ya kwanza ya umeme ni kutoka ukutani hadi kwenye kikasha. Adapta inaushusha umeme wa volti 230 hadi volti 5, waya unaupeleka kwenye tundu la kikasha, na betri ya kikasha inajaa. Safari ya pili inaanza unaporudisha spika mahali pake. Betri ya kikasha ina volti kama 3.7, hivyo saketi yake inazipandisha tena, kwa kawaida hadi kwenye 5, na kuzipitisha kwenye pini ndogo za chuma zilizo chini ya shimo la spika. Spika nayo ina nukta za chuma zinazokaa juu ya pini hizo. Zikigusana sawasawa, spika inatambua kuwa imerudi nyumbani, inakata bluetooth na kuanza kujaza betri yake hadi volti 4.2.

Ukaguzi mzuri unafuata njia hiyohiyo, kituo kwa kituo, na hauruki kituo hata kimoja.

Anza na kikasha

Toa spika zote mbili, kisha chomeka kikasha kikiwa kitupu. Taa yake ikiwaka, safari ya kwanza ni salama. Isipowaka, badili waya kwanza, halafu adapta, na utumie waya ambao umetoka kuchaji simu muda huohuo ili usibahatishe. Kisha mulika tochi ndani ya tundu. Nyuzi za mfuko wa suruali na vumbi la mkoba hushindiliwa humo kila unapochomeka, hadi plagi inashindwa kuingia yote. Chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie sindano, kwa sababu hupinda ulimi wa ndani ya tundu na inaweza kuunganisha pini mbili zisizopaswa kukutana.

Kuna hitilafu moja ambayo si hitilafu, na imewapotezea watu wengi hela. Kikasha chenye tundu la taipu C kinakataa kuchaji kwa adapta mpya ya simu, ile ambayo waya wake una taipu C pande zote mbili, lakini kikichomekwa kwenye adapta ya zamani yenye tundu pana la USB kinachaji vizuri. Sababu ni hii. Adapta ya aina mpya haitoi umeme hadi ijue kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachouhitaji. Inatambua kwa kuona rezista za omu 5,100 zilizomo ndani ya kifaa hicho. Baadhi ya watengenezaji wa bidhaa za bei nafuu huziacha rezista hizo ili kubana gharama, na adapta inabaki ikisubiri ishara isiyokuja. Adapta ya zamani haisubiri ishara. Volti 5 zinatoka muda wote. Tumia waya wenye USB pana upande wa adapta, na spika zako zitafanya kazi kama kawaida.

Usidhani pia kwamba adapta yenye nguvu kubwa itaharakisha mambo. Kikasha kinachukua kiasi kidogo kile kilichopangiwa, hata ukikichomeka kwenye adapta ya wati 65.

Pale chuma kinapogusana na chuma

Kikasha kikiwa kizima na spika bado haichaji, sasa tumefika kwenye chimbuko la kesi nyingi.

Dada mmoja anayekimbia asubuhi pale Coco Beach aliniletea spika zake. "Fundi, betri ya kulia imekufa, niwekee nyingine," alisema. Nikamjibu, "Dada, hebu tuitazame kwanza." Chini ya lenzi, nukta mbili za upande wa kushoto ziling'aa rangi ya dhahabu. Upande wa kulia moja iling'aa, na ya pili ilikuwa na ukoko wa kijani uliotambaa hadi kwenye plastiki. Ukoko huo ndio uliozuia chaji. Betri yenyewe, nilipoipima kwa mita, ilikuwa na uhai wa kutosha.

Ukoko wa kijani ni shaba iliyoliwa. Jasho ni maji yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Jasho likiwa sikioni linaleta madhara kidogo tu, kwa sababu nukta hizo hazisukumwi na volti za chaji. Tatizo linazidi pale unapomaliza mazoezi na kutumbukiza spika ndani ya kikasha ikiwa bado imelowa. Papo hapo volti 5 zinawekwa kati ya nukta mbili zilizoachana kwa milimita chache tu, na umeme unapita kwenye jasho ukiuhamisha mchovyo wa dhahabu na shaba iliyo chini yake. Ukirudia hivyo kila siku, uharibifu huonekana kwa macho. Kwetu Pwani, ambako hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, jambo hili huenda kwa kasi zaidi. Kwa hiyo tabia moja ina thamani kuliko dawa zote: futa spika kwa kitambaa kikavu na uiache ipigwe na hewa kidogo kabla ya kuirudisha kwenye kikasha.

Nta ya sikio nayo hufanya kazi yake kimyakimya. Hailii chuma, lakini inaweka utando laini usiopitisha umeme. Ukiona kipira cha spika kimegeuka rangi, ujue nta imeshafika hata kwenye nukta.

Kama spika ni mpya kabisa na hazijawahi kuchaji, tafuta karatasi ya nailoni. Watengenezaji wengi hubandika kipande kidogo angavu juu ya nukta za chuma ili spika zisiishiwe chaji zikiwa dukani. Ni chembamba kiasi kwamba kidole hakikihisi, na kuna wateja wanaorudisha mzigo dukani kwa hasira ilhali kilichotakiwa ni kukibandua kwa ukucha tu.

Vipira vya sikioni ulivyonunua kando navyo vichunguze. Vikiwa vinene kuliko vya asili, spika inakaa juujuu na nukta hazizifikii pini. Kipimo chake ni rahisi: vua kipira, rudisha spika kwenye kikasha, uone kama taa itawaka.

Namna ya kusafisha

Zima spika na uchomoe kikasha kwenye umeme. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya isopropili, ile ambayo mafundi simu husafishia bodi, kisha ukamue hadi kiwe na unyevu tu bila kudondoka. Sugua nukta za spika, halafu ingiza kijiti kwenye shimo la kikasha na usugue pini. Kama kuna ukoko mgumu, kifutio cha penseli kinauondoa bila kukwangua mchovyo uliobaki. Usitumie msasa, petroli wala tina. Msasa unamaliza dhahabu, na hivyo viwili vingine vinayeyusha plastiki na gundi.

Pini za vikasha vingi hukaa juu ya springi. Zibonyeze moja moja kwa kijiti cha meno, nayo kila moja inapaswa kurudi juu yenyewe. Iliyokwama chini iwekee tone dogo la spiriti na uibonyeze mara kadhaa hadi ilegee. Acha kila kitu kikauke kabisa kabla ya kuchaji.

Ukimaliza, rudisha spika kwenye kikasha na utazame taa. Isipowaka, ikandamize kidogo kwa kidole gumba. Ikiwaka unapokandamiza na kuzimika unapoachia, una jibu lako: mguso ni hafifu. Kazi iliyobaki ni ya pini, na fundi anaweza kuzibadilisha.

Spika isiyojua kwamba imerudi

Ishara nyingine inaonekana kwenye simu. Weka spika ndani ya kikasha, funga kifuniko, kisha fungua orodha ya bluetooth. Ikiwa simu bado inaonyesha imeunganishwa, kwa spika nyingi maana yake ni kwamba mguso haukupatikana. Spika inadhani bado iko sikioni, na inakesha ikitumia chaji yake. Asubuhi unaikuta imeisha, nawe unasema haijashika chaji, kumbe haikupewa kabisa.

Ikiwa imekatika vizuri, taa ya chaji imewaka, na bado baada ya saa mbili spika haina kitu, hapo sasa una haki ya kuishuku betri au saketi ya ndani.

Kabla hujafika huko, kumbuka usingizi mzito. Spika zilizokaa droo miezi kadhaa huishiwa hadi saketi ya ulinzi ikaikata betri ili isiharibike. Zikirudishwa kwenye chaji zinaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote. Chaji kikasha peke yake hadi kijae, kisha ingiza spika na uziache kwa saa kadhaa bila kuzichokonoa. Jaribu pia kuzirejesha kwenye hali ya kiwandani. Kwa AirPods nyingi unashikilia kitufe cha nyuma ya kikasha kwa sekunde 15 hivi hadi taa ibadilike rangi. Nyingine zina utaratibu wao ulioandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi.

Betri inapokuwa kweli imechoka

Betri ya lithiamu huzeeka, na yenye akiba ndogo huzeeka mapema kwa sababu inajazwa na kumalizwa mara nyingi zaidi. Dalili yake ni kujaa upesi na kuisha upesi: simu inaonyesha asilimia 100, unapiga simu moja, spika inazimika. Upande mmoja kuisha mbele kidogo ya mwenzake ni kawaida, kwa kuwa mara nyingi upande huo ndio unaotumia maikrofoni. Adui mkubwa wa betri hizi ni joto. Kikasha kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari juani kinapita kwa urahisi nyuzi 45, na juu ya hapo betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa.

Baadhi ya spika zina betri ya duara ambayo fundi anaweza kuifikia. Aina moja inayotumika sana ni 1254, yenye kipenyo cha milimita 12 na kimo cha milimita 5.4. Akikubadilishia, hakikisha anaweka ya lithiamu ya kuchajiwa. Betri ya saa au rimoti ina sura inayofanana, lakini haikuundwa kuchajiwa na inaweza kupasuka karibu na sikio lako. Na kama spika imetanuka maungio, au kikasha kimevimba hadi kifuniko hakifungi, acha kuchaji leo hii. Usiitoboe, wala usiitupe kwenye takataka zinazochomwa uani, kwa sababu lithiamu ndani ya moto hulipuka.

Spika nyingine hazifunguki bila kuvunjwa. AirPods za kwanza, zilizotoka Desemba 2016, zilipewa sifuri kati ya kumi na iFixit, wataalamu wa Marekani wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa. Umoja wa Ulaya umeliona tatizo hilo: kwa Kanuni namba 2023/1542, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vya kubebeka vinavyouzwa huko zinatakiwa ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa aina chache. Sisi hatuna haja ya kuisubiri sheria hiyo itufikie. Siku ya kununua, muulize muuzaji kama kikasha na spika ya upande mmoja vinapatikana peke yake. Mwombe akichaji kikasha mbele yako kwa waya wa taipu C pande zote mbili. Tazama kama pini zinarudi juu ukizibonyeza. Muuzaji anayeulizwa maswali hayo na kila mteja ataanza naye kumuuliza anayemletea mzigo.