Saa ya Mkononi Ilivyowachoma Wanajeshi

Kama wewe ni wa kukimbia asubuhi na saa ya mazoezi mkononi, unajua kila mita inarekodiwa. Poa sana, hadi mtu usiyemjua aione. Waulize wanajeshi wa Marekani.

Novemba 2017, kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa kutokana na mazoezi zaidi ya bilioni moja ya watumiaji wake. Haikuwa na jina la mtu yeyote. Penye wakimbiaji wengi paling'aa, pasipo na watu pakabaki giza. Januari 2018, Nathan Ruser, mwanafunzi wa chuo wa miaka 20 kutoka Australia, akaitazama vizuri. Katikati ya giza la Syria na Afghanistan kulikuwa na mistari inayong'aa. Sasa nani hukimbia huko na saa kama hiyo? Wanajeshi, wakizunguka ndani ya kambi zao! Agosti mwaka huohuo, Pentagon ikawapiga marufuku wanajeshi walio kwenye operesheni kutumia huduma za kuonyesha mahali walipo.

Lakini tusivitupe vifaa hivi bado. Fikiria zimamoto anayejifunza kuingia kwenye jengo lililojaa moshi. Mkufunzi aliye nje hamwoni. GPS nayo hulemewa ndani ya kuta, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa hafifu. Hapo ndipo UWB inafaa: kifaa kidogo mwilini huwasiliana na vinasa-mawimbi vilivyofungwa ukutani, na kompyuta hupima muda ambao mawimbi yanatumia kusafiri. Mambo yakienda sawa, inakosea kwa sentimita 10 hadi 30 tu. Mwanafunzi akizirai, wenzake wanajua kona ya kumfuata.

Shida si kitone kwenye skrini. Shida ni nani anakiona. Na kuficha jina hakutoshi: kitone kinacholala kwako kila usiku ni cha nani kama si chako?

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa data yako itatumiwaje. Kwa hivyo ukipewa kifaa cha kuvaa kazini au mafunzoni, uliza: nani ataona, itahifadhiwa hadi lini, na nikitoka kazini kinazimwa?

Na wewe wa kukimbia asubuhi, ingia kwenye mipangilio leo, ufiche pale unapoanzia na unapomalizia. Hapo ni kwenu, buda.