Basi la Umeme Lipo, Mkopo Wake Uko Wapi?

Mwenye matatu Nairobi hapigi hesabu ya hewa ukaa. Anapiga hesabu ya dizeli, matairi, makanga, faini za barabarani na rejesho la mkopo mwisho wa mwezi. Ndiyo maana Machi 2022, kampuni ya BasiGo ilipoanza majaribio ya mabasi mawili ya umeme pamoja na kampuni za matatu za Citi Hoppa na East Shuttle, cha kutazamwa zaidi kilikuwa mkataba wa kuliuza basi kuliko basi lenyewe.

Basi lilikuwa BYD K6 la viti 25, linaloenda kilomita 250 hivi kwa chaji moja. Lilitangazwa bila bei ya betri: shilingi milioni 5, ambazo hazikuwa mbali na bei ya basi la dizeli la ukubwa huo. Betri ilibaki mali ya kampuni. Mwenye basi alilipa shilingi 20 kwa kila kilomita, na ndani ya hizo 20 mlikuwa na kodi ya betri, umeme na matengenezo.

Chukua kalamu. Basi likizunguka kilomita 200 kwa siku, malipo hayo ni shilingi 4,000. Tuseme la dizeli linakwenda kilomita 4 kwa lita, na lita ni shilingi 165: hapo dizeli peke yake ni shilingi 8,250, kabla ya kubadilisha oili. Ukiishia hapo utashangaa kwa nini mabasi ya dizeli bado yananunuliwa.

Yananunuliwa kwa sababu benki inayafahamu. Isuzu iliyochoka ina mnunuzi wake, vipuri vyake vimejaa mjini, na ofisa wa mikopo anajua ataipiga mnada kwa kiasi gani mteja akishindwa kulipa. Basi la umeme la miaka sita litauzwa kwa nani? Soko lake la mitumba bado halijazaliwa, na mali isiyo na bei ya mnada ni dhamana dhaifu. Isitoshe, pesa za matatu huingia mkononi mwa makanga na sehemu yake huishia njiani. Kwa maoni yangu, benki zetu haziogopi umeme. Zinaogopa biashara ya matatu yenyewe.

Mkataba wa betri haukuiondoa hofu hiyo, uliihamisha tu. Sasa anayekopa pesa nyingi ni kampuni. Oktoba 2024 BasiGo ilitangaza kupata dola milioni 42, sehemu kwa hisa zilizoongozwa na Africa50, sehemu kwa mikopo ya British International Investment na DFC, shirika la fedha za maendeleo la Marekani. Nauli za abiria ni za shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu na 130. Biashara yenye deni la dola na mapato ya shilingi hailali usingizi katika msimu kama ule.

Santiago, mji mkuu wa Chile, waliitatua hofu ya mkopeshaji mapema. Mwaka 2018 kampuni ya umeme ya Enel ilinunua mabasi 100 ya BYD na kuyakodisha kwa Metbus, inayoyaendesha. Nauli za jiji huingia katika mfuko mmoja, na aliyenunua basi hulipwa rejesho lake kutoka humo moja kwa moja, kabla pesa hazijamfikia mwenye kuendesha. Mkopeshaji hamtegemei dereva wala kondakta, anautegemea mfuko. Leo jiji hilo lina mabasi ya umeme zaidi ya 2,000.

Kwetu Afrika Mashariki, pikipiki zimetangulia mabasi. Mwendesha boda anayetumia huduma ya Ampersand, iliyoanzia Kigali, anaingia kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Pikipiki ni yake au anailipia kidogo kidogo kila siku. Betri si yake kamwe. Rejesho dogo la kila siku linalingana na kipato chake cha kila siku. Tangu Januari 2025, Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya abiria Kigali, na wakopeshaji wanajua sasa soko linaelekea wapi.

Upande wa umeme, Kenya ina bahati. Takriban asilimia 90 ya umeme wake unatokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na usiku wa manane mvuke mwingine wa visima vya jotoardhi vya Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa watumiaji. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo.

Mipango ndiyo inayotuangusha. Mwaka 2019 Thika Road ilichorwa mistari myekundu ya njia ya mabasi ya mwendo kasi, na mabasi hayakuja. Dar es Salaam, njia ya mwendokasi ya Mbagala ilikamilika kabla ya mabasi yake kupatikana, ikasubiri hadi 2025. Lami hupata mkopeshaji upesi, mabasi hayapati. Tena kuna suala ambalo wanasiasa hawapendi kuligusa: barabara za Kenya hutengenezwa kwa tozo ya mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024. Basi la umeme halichangii hata senti ya tozo hiyo. Kwa sasa upungufu hauonekani. Magari hayo yakiongezeka, Hazina italazimika kutafuta njia nyingine ya kutoza matumizi ya barabara, na ni heri itangaze mapema kuliko kumshtua mtu aliyekwisha kukopa.

Wewe unayefikiria kununua, soma mkataba wa betri kabla ya kuulizia bei ya basi. Uliza nani atalipa betri ikichoka mapema, kama kuna kiwango cha chini cha kilomita utakachotozwa hata gari likilala, na basi lako litachajiwa wapi kampuni ikifunga milango. Usipojibiwa kwa maandishi, usitie sahihi.