Pete Rose na Mizani ya Mashabiki wa Besiboli

Besiboli, mchezo ambao timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana zamu ya kupiga mpira kwa gongo na zamu ya kuulinda uwanja, huchezwa katika ligi kuu ya Marekani karibu kila siku kwa muda wa miezi sita, kila timu ikicheza mechi 162 kwa msimu, na wingi huo wa mechi ndio unaomfanya mchezaji kuwa sehemu ya maisha ya shabiki, ambaye hulisikia jina lake redioni jioni baada ya jioni kwa miaka kumi au zaidi. Mwaka 1956 wataalamu wawili, Donald Horton na Richard Wohl, walipowachunguza watazamaji wa televisheni, waliueleza ukaribu wa namna hii kuwa ni uhusiano wa upande mmoja, yaani hali ambayo mtu humjua mwenzake, humpenda na hata kumkasirikia, ilhali huyo mwenzake hana habari kwamba yeye yupo. Ndiyo maana habari za mwenendo wa mchezaji nje ya uwanja hupokewa kama habari za jamaa wa nyumbani, na jamaa hapimwi kwa mizani ya mahakama.

Hakuna mchezaji aliyeionyesha mizani ya mashabiki wazi kuliko Pete Rose, aliyezaliwa Cincinnati, katika jimbo la Ohio, mwaka 1941, akaanza kuichezea timu ya mji wake, Cincinnati Reds, mwaka 1963. Alibandikwa jina la Charlie Hustle kwa sababu alikimbia kwa kasi zake zote hata pale kanuni zilipomruhusu kutembea taratibu hadi cha kwanza kati ya vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Hadi anastaafu kucheza mwaka 1986 alikuwa amepata mapigo 4,256 ya kufika kituoni, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kufika kituo cha kwanza salama kwa nguvu ya pigo lenyewe na si kwa kosa la mlinzi, idadi ambayo haijafikiwa na mwingine yeyote katika ligi hiyo. Kwa wafanyakazi wa viwandani wa Cincinnati, kijana huyo asiye na kipaji cha ajabu cha mwili, aliyefika kileleni kwa jasho, alikuwa mtu wao hasa.

Tarehe 24 Agosti 1989, wakati huo akiwa meneja wa Reds, cheo ambacho katika michezo mingine huitwa kocha mkuu, Rose alifungiwa maisha na kamishna wa ligi, Bart Giamatti, baada ya uchunguzi wa wakili John Dowd kubaini kwamba alikuwa akicheza kamari juu ya mechi, zikiwemo mechi 52 za timu yake mwenyewe katika msimu wa 1987. Kosa hilo linaogopwa kuliko mengine yote katika besiboli tangu wachezaji wanane wa Chicago White Sox waliposhutumiwa kuuza fainali za mwaka 1919 kwa wacheza kamari na kufungiwa maisha mwaka 1921, ingawa baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limewaona hawana hatia. Utetezi wa Rose kwamba aliiwekea timu yake dau la kushinda tu haukumsaidia, wala haukustahili kumsaidia, kwa kuwa meneja mwenye fedha zake kwenye mechi ya leo anaweza kumchosha mrushaji mpira wake bora bila kujali mechi ya kesho, na siku asipoweka dau huwa amewapa wachezesha kamari habari ambayo mtu mwingine hana. Mwaka 1991 Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli ulioko Cooperstown, New York, ambako wachezaji bora huenziwa, uliamua kwamba aliyefungiwa maisha hawezi hata kupigiwa kura.

Mashabiki hawakuifuata hukumu hiyo. Mwaka 1999 walimpigia kura Rose aingie katika kikosi cha wachezaji bora wa karne, na alipotokeza uwanjani Atlanta, kwa ruhusa maalumu, alipokewa kwa shangwe ndefu. Mwandishi wa televisheni Jim Gray, aliyembana usiku huo kwa maswali kuhusu kamari, ndiye aliyelaumiwa na watazamaji, na siku mbili baadaye mchezaji mmoja wa New York Yankees alikataa kuzungumza naye hewani. Wataalamu Amit Bhattacharjee, Jonathan Berman na Americus Reed, katika utafiti wao wa mwaka 2013, waliieleza tabia hii kuwa ni kutenganisha maadili na utendaji, maana yake shabiki halikani kosa wala halitetei, bali huliweka kando na kuendelea kuisifu kazi. Utenganisho huo ulikuwa mwepesi kwa Rose kwa sababu kamari yake haikuongeza pigo hata moja katika zile 4,256; Barry Bonds, mwenye rekodi ya mapigo 762 ya kuvusha mpira nje ya uzio, hakupata nafuu hiyo nje ya mji wa timu yake, San Francisco, kwa kuwa tuhuma za dawa za kuongeza nguvu ziliigusa kazi yenyewe.

Kilichomgharimu Rose mbele ya waliomtetea ni uongo. Kwa takriban miaka 15 alikana, na mwaka 2004, alipokiri, alikiri ndani ya kitabu cha kuuzwa, hivyo baadhi ya waliogombana na majirani zao kwa ajili yake wakajikuta wamefanywa wajinga. Hapa ndipo mizani ya mashabiki inapoonekana ilivyo: swali lao la kwanza si uzito wa kosa, bali ni kama wao wenyewe wamedanganywa. Mizani hiyo ina mantiki yake, lakini ina upofu mkubwa kwa watu wasiokaa jukwaani. Mwaka 2017 ilifichuka kauli ya kiapo ya mwanamke aliyesema kwamba katika miaka ya 1970 Rose alikuwa na uhusiano wa kimapenzi naye kabla hajatimiza miaka 16. Rose aliukubali uhusiano huo, akasema aliamini kwamba msichana huyo alikuwa na miaka 16. Timu ya Philadelphia Phillies, aliyowahi kuichezea, ilifuta mpango wake wa kumuenzi, lakini mjadala wa mashabiki wengi ulirejea upesi kwenye kamari, jambo lililo dogo kwa kipimo chochote cha utu.

Mwenendo mwema nao hupimwa kwa namna isiyotabirika. Roberto Clemente wa Pittsburgh Pirates, mzaliwa wa Puerto Rico, alidhihakiwa na waandishi kwa lafudhi yake na kuitwa mtu wa kujifanya mgonjwa kwa miaka mingi, hadi tarehe 31 Desemba 1972 alipokufa katika ajali ya ndege akiwapelekea msaada waathirika wa tetemeko la ardhi la Nicaragua. Mwaka uliofuata Cooperstown ilimwondolea sharti la kungoja miaka mitano kabla ya kupigiwa kura, na tuzo ya ligi ya huduma kwa jamii ikapewa jina lake.

Rose alifariki tarehe 30 Septemba 2024, na Mei 2025 kamishna Rob Manfred aliamua kwamba adhabu ya maisha hukoma kwa kifo. Kamati ya Cooperstown inayoweza kumjadili itakutana Desemba 2027 ikiwa na wajumbe 16, na kura 12 zinatosha kumwingiza. Mashabiki hawana kura hata moja humo, na kwa jinsi wanavyopima, si vibaya.