MVUA YA MAWE: KUKINGA NYUMBA, GHALA NA SHAMBA



Katika nchi yetu ya Isaka tumezoea kuogopa ukame kuliko mvua. Lakini usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijiji cha Mwakata, jirani na Isaka katika Wilaya ya Kahama, kilipigwa na mvua kubwa ya mawe pamoja na upepo. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao kwa kuangukiwa na kuta za nyumba za udongo walimokuwa wamelala. Mifugo ilikufa pia, na mimea ikalazwa chini.

Hakuna mtu awezaye kuzuia mawe yasianguke. Lakini fahamu jambo hili: mvua ya mawe hupita kwa muda mfupi, bali njaa yake yaweza kukaa mwaka mzima. Njaa hiyo hutegemea mambo mawili: uliyoyatengeneza kabla ya mvua, na utakayoyafanya katika majuma mawili ya kwanza baada yake.

NYUMBA

Ukuta wa matofali mabichi huanza kuharibika chini, si juu. Maji yakituama penye shina la ukuta, udongo hulainika, na ukuta huanguka kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo, wakati wa kiangazi fanya haya:

1. Jenga msingi wa mawe, uinuke futi moja juu ya ardhi.
2. Paa litokeze nje ya ukuta futi mbili au zaidi, ili maji yadondoke mbali.
3. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, uyapeleke maji pembeni.
4. Funga miti ya paa kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta, upepo usije ukaling'oa.
5. Ziba nyufa. Usimlaze mtoto kando ya ukuta uliopasuka.

Patana na jirani mwenye nyumba imara kwamba mtakimbilia kwake kabla tufani haijawa kali. Ikikukuta nje, usijikinge chini ya mti. Funika kichwa kwa sufuria, beseni au kigoda. Sikiliza redio pia, kwa maana Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za mvua kubwa.

GHALA

Mtu mzima hula nafaka takriban kilo 12 kwa mwezi. Watu sita watahitaji kilo 72, na kwa miezi mitatu kilo 216, yaani magunia mawili ya kilo 100 na zaidi kidogo. Basi mwezi wa Machi, mavuno mapya yakiwa bado, nyumba ya watu sita isiwe na chini ya magunia hayo mawili. Anayeuza yote baada ya mavuno ameacha watoto wake mikononi mwa mawingu.

Kihenge kisikae juu ya ardhi. Kiinue kwa mawe au miti, na kifuniko chake kisipitishe maji. Michembe na matobolwa ni akiba njema, maana hukaa muda mrefu yakiwa makavu. Weka mbegu za choroko na mtama katika kibuyu kilichozibwa vizuri. Mbegu hizo si za kula, nazo zitakuwa na kazi kubwa siku ya msiba.

SHAMBA KABLA YA MVUA

Usilime mahindi peke yake. Hindi lililovunjwa na mawe laweza lisizae, lakini kiazi na muhogo vimefichwa ardhini, mawe hayavifikii. Kila nyumba iwe na sehemu ya viazi vitamu, sehemu ya muhogo na sehemu ya mtama.

Lima matuta kukingama mteremko. Ukiyafunga kwa vituta vidogo ili kuhifadhi maji, vituta hivyo viwe vifupi kuliko matuta yenyewe. Mvua ikizidi, maji yatavuka juu ya vituta na kufuata mfereji, wala hayatabomoa matuta na kuchukua udongo.

SHAMBA BAADA YA MVUA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu huona majani yamechanika, hukata tamaa, na kesho yake huingiza ng'ombe shambani. Usifanye hivyo. Ngoja siku saba hadi kumi, kisha kagua mmea mmoja mmoja.

Mahindi machanga yenye majani yasiyozidi matano, moyo wake ungali chini ya udongo. Ng'oa mche mmoja na upasue shina kwa kisu. Ukikuta moyo mweupe na mgumu, mmea u hai. Ukiwa wa kahawia na laini, umekufa. Mahindi makubwa yaliyovunjika vibaya yasiyoweza kuzaa yakate uwape ng'ombe.

Mtama uliovunjika huchipua tena shinani. Kata mabua yaliyovunjika, upalilie, nao utazaa. Lakini jihadhari sana: machipukizi ya mtama yana sumu iwezayo kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usiwaache wayale mpaka yafike kiunoni mwa mtu. Wakati huo walishe katika ngitili.

Pamba iliyobaki na vichipukizi kwenye shina itatoa matawi mapya. Iliyokatwa chini ya yale majani mawili ya kwanza haitaota tena.

Viazi vitamu vilivyopoteza majani viache, vitachipua. Marando yaliyobaki mazima yapande kwenye matuta mapya maadamu ardhi ina maji.

Mahali palipokufa kabisa, panda choroko upesi. Hukomaa kwa siku 60 hadi 75, na ukizipanda katikati ya Machi mvua za Aprili zitazisaidia. Usizipande panapotuama maji. Katika mbuga ya udongo mweusi panda dengu mvua zinapokwisha, kwa kuwa dengu huishi kwa unyevu uliobaki ardhini.

Kadhalika, chemsha maji ya kunywa, kwa sababu mafuriko huingiza uchafu wa vyoo visimani. Kisha mpe taarifa mtendaji wa kijiji na Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, ukitaja ekari zilizoharibika na chakula kilichobaki.

KAZI YA JUMA HILI

Zunguka nyumba yako utazame shina la kila ukuta. Hesabu magunia yako na watu wako. Tazama kama kibuyu cha choroko kina mbegu. Ukiona upungufu, uanze kuutengeneza sasa, jua lingali likiwaka.