Sura ya Sita: Shule ya Viungo kwa Kila Umri

Shule ya viungo ya umri wote ni taasisi inayofundisha jimnastiki na mazoezi ya mwili kwa watu wa rika zote chini ya paa moja, kuanzia mtoto aliyejua kutembea juzi hadi mzee aliyestaafu zamani. Jimnastiki inayofundishwa humo ni pana kuliko ile inayoonekana kwenye Michezo ya Olimpiki, ambako wasichana wachache waliochujwa kwa miaka mingi hupita juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10. Ni elimu ya kuutawala mwili, yaani kujua uzito wake umelalia wapi, kuubeba, kuuzungusha, kuurusha na kuupokea tena bila kuumia. Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, lililoundwa mjini Liège nchini Ubelgiji mwaka 1881, hulitambua tawi hili kama Jimnastiki kwa Wote, na tamasha lake kuu, World Gymnaestrada, lililoanza Rotterdam mwaka 1953, hukutanisha maelfu ya washiriki wa kila umri bila kuwashindanisha kwa medali. Tofauti hiyo hugusa kila uamuzi wa mwendeshaji, kwa sababu shule ya medali huishi kwa kuwapunguza wanafunzi hadi wabaki wale wenye vipaji, ilhali shule ya umri wote hufanikiwa pale tu mwanafunzi asiye na kipaji anapopata sababu ya kurudi mwaka unaofuata.

Mfano uliokomaa wa utaratibu huu unapatikana Denmark, nchi ambayo Franz Nachtegall alifungua taasisi binafsi ya jimnastiki mjini Copenhagen mwaka 1799, na ambayo sheria yake ya elimu ya mwaka 1814 iliingiza mazoezi ya viungo katika masomo ya shule. Mwaka 1920 Niels Bukh alifungua chuo huko Ollerup, katika kisiwa cha Funen, akiwa ameona kwamba vijana wa mashambani walikuwa na nguvu nyingi lakini miili yao ilikuwa imekakamaa kwa kazi za kuinama na kubeba. Kwa hiyo alitunga mazoezi yanayofuatana bila kusimama, badala ya mikao ya kutulia iliyorithiwa kutoka mfumo wa Pehr Henrik Ling wa Uswidi. Ni haki kueleza pia kwamba Bukh aliuhusudu utawala wa Kinazi wa Ujerumani, na kwamba kuutukuza mwili mkamilifu kulimfikisha mahali pabaya. Linalostahili kuigwa kutoka nchi hiyo ni vyama vya vijijini na mitaani, ambavyo hutumia kumbi za michezo nyakati za jioni, hutegemea sana walimu wa kujitolea, na humweka mzazi pamoja na mtoto wake mdogo katika darasa moja, kisha vijana, kisha watu wa makamo, wote wakitumia magodoro yaleyale. Msimu wa baridi unapokwisha, vikundi hivyo huonyesha walichojifunza mbele ya ndugu na majirani, na hapo kila rika huliona rika jingine likifanya kazi.

Somo linalowaunganisha wanafunzi wa rika hizo zote ni kuanguka. Mtu asiyefundishwa, anapopoteza mizani, hunyoosha mkono na kukaza kiwiko, na uzito wake wote ukatua kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana kuvunjika mkono karibu na kifundo ni jeraha la kawaida la kuanguka, kwa watoto na kwa wanawake waliokoma hedhi vilevile. Mwalimu humfundisha mtoto kinyume cha hayo: achuchumae ili kimo cha anguko kipungue, alete kidevu kifuani ili kisogo kisigonge sakafu, akunje mgongo uwe wa mviringo, apishanishe mikono kifuani, kisha abiringike kutoka matakoni hadi mabegani. Zoezi huanza mtoto akiwa amekwisha kuchuchumaa juu ya godoro, baadaye akiwa amesimama, na baadaye sana akishuka kutoka kwenye sanduku la kimo cha goti, wala hapandishwi ngazi mpaka mwili ufanye bila kungoja amri.

Kutua kwa miguu nako kuna kanuni zake. Nyayo huachana kwa upana wa nyonga, magoti hukunjwa yakielekea vidole vya miguu vinakoelekea, kifua hubaki juu, na mwanafunzi hukaa katika mkao huo mpaka ahesabu tatu. Magoti yanayoingiana ndani wakati wa kutua hayapaswi kupuuzwa hata mara moja, kwa kuwa ni mkao unaohusishwa na kukatika kwa kano ya mbele iliyo ndani ya goti, hasa kwa wasichana waliobalehe. Mwalimu anayeharakisha kufundisha samasoti kabla ya kutua kukaa sawa huwafurahisha wazazi kwa mwezi mmoja na kuwaumiza wanafunzi baada ya mwaka.

Mzee wa miaka 70 hatupwi nyuma kama mtoto. Yeye hufundishwa kwanza kushuka sakafuni na kuinuka, kwa hatua zinazotenganishwa na kurudiwa: kugeukia ubavu, kujisukuma kwa mkono na kiwiko, kukaa kwa magoti na viganja, kutambaa hadi kwenye kiti imara, kuweka mikono miwili juu ya kiti, kuleta mbele mguu wenye nguvu zaidi, kusukuma, kisha kugeuka na kuketi. Thamani ya somo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu aliyebaki sakafuni saa nyingi kwa kushindwa kuinuka anaweza kupata vidonda vya mgandamizo, upungufu wa maji na madhara ya misuli hata kama hakuvunjika mfupa wowote. Baada ya hapo huja mazoezi ya kuzuia anguko lenyewe, kama vile kuinuka kitini bila kutumia mikono, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, na kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Programu ya Otago ya New Zealand, iliyojengwa juu ya mazoezi ya namna hiyo ya nguvu za miguu na mizani, ilipunguza maanguko ya wazee kwa takriban asilimia 35 katika majaribio yake yaliyojumlishwa pamoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hii siku 3 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani zinazotakiwa kwa kila mtu mzima.

Kati ya ncha hizo mbili, rika linalohitaji macho zaidi ni la miaka 10 hadi 15. Mifupa mirefu ya kijana hurefuka kupitia tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na tabaka hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, kwa hiyo kijana anayesimama kwa mikono kila siku anaweza kuumiza gegedu ya kifundo cha mkono bila kuanguka hata mara moja. Maumivu ya kifundo yanayorudi kila wiki si uvivu, na jibu lake ni kupunguza uzito unaobebwa na mikono na kumwona daktari.

Ratiba ndiyo inayoiwezesha shule kujilipia. Asubuhi, watoto wakiwa shuleni na ukumbi ukiwa mtupu, ni wakati wa wazee na wa kina mama wenye watoto wachanga. Alasiri ni ya watoto. Jioni ni ya wafanyakazi. Shule yenye watoto peke yao hulipia ukumbi siku nzima na kuutumia saa chache. Kuhusu vifaa, fedha za mwanzo ziende kwenye magodoro mazito, masanduku ya kimo mbalimbali na viti imara, kwa kuwa trampolini huhitaji dari ya juu na msimamizi asiyeondoka, na inaweza kusubiri.

Hakuna ukumbi ulio salama kwa magodoro peke yake. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Anne Whyte nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2022, ulibaini kwamba unyanyasaji wa kimwili na wa kihisia katika jimnastiki ya nchi hiyo haukuwa matukio ya hapa na pale, na miongoni mwa mambo ulioyaeleza ni kuwazoeza wanariadha huku wakiwa na majeraha na kuwapima uzito kwa namna ya kuwadhalilisha. Kwa hiyo mzazi awe na haki ya kukaa na kutazama, mwalimu asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, mkono unaomsaidia mwanafunzi uelezwe kabla ya kumgusa, na mizani ya kupimia uzito isiwemo kabisa katika darasa la watoto.

Pwani ya Afrika Mashariki ina msingi ambao haujatumiwa ipasavyo. Vijana wa sarakasi hufanya mazoezi kwenye mchanga wa ufukweni, ambao hupokea anguko vizuri kuliko saruji, na vikundi vya mazoezi vya mitaani huwatoa watu wazima nje alfajiri huko Dar es Salaam na Zanzibar, ambako tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi ya pamoja. Kinachokosekana ni mahali pa kuwakutanisha: vijana wanajua kuruka lakini hawana wa kuwaangalia magoti, na watu wazima wana nidhamu ya kukimbia lakini hawajafundishwa mizani wala namna ya kuinuka kutoka chini. Anayetaka kuanzisha shule asingoje ukumbi wenye boriti na pete. Aombe darasa au ukumbi wa mtaa kwa asubuhi mbili za wiki, awaite wazee kumi na wajukuu zao ambao hawajaanza shule, atandike magodoro, na aanze na somo la kushuka na kuinuka.