Je, Wajua? Gari Linamisi na Fundi Yuko Msamvu

Je, wajua kwamba injini ya petroli yenye silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupiga moto mara 25 kwa sekunde? Ndiyo maana silinda moja ikigoma, yaani gari likimisi, huwezi kuihesabu kwa sikio. Unachopata ni mtetemo kwenye usukani, sailensa inayokohoa gari likiwa limesimama, na mafuta yanayoisha upesi kuliko kawaida.

Je, wajua kwamba tambarare huficha misi? Gari lenye koili iliyochoka laweza kutoka Msamvu, Morogoro, hadi Mzumbe bila kulalamika. Lipitishe Mlali, uanze kupanda kuelekea Mgeta, ndipo linaanza kurukaruka. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa inayobanwa ndani ya silinda huwa nyingi, na cheche hudai volti nyingi zaidi ili iruke pengo la plagi. Koili dhaifu haina volti hizo. Wasafiri wa Iringa huumbuliwa kwenye mlima wa Kitonga. Kwa hiyo ukienda kukagua gari la mkononi, usikubali kulijaribu kwenye lami iliyonyooka tu.

Je, wajua kwamba silinda mbovu hutambulika nyumbani bila kompyuta? Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ. Vua kava ya plastiki. Koili nne zimejipanga mstari mmoja, kila moja imeshikwa na boliti ya namba 10. Washa gari, liache lingurume taratibu. Chomoa soketi ya waya wa nozeli ya kwanza, sikiliza, rudishia, nenda ya pili, na kuendelea. Injini ikiyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usiposikia badiliko lolote, mgonjwa ndiye huyo. Chomoa ya nozeli na siyo ya koili, maana ukikata umeme wa plagi petroli inaendelea kuingia na kutoka mbichi.

Sasa zima gari, subiri injini ipoe, kwani nyuzi za plagi kwenye kichwa cha aluminiamu huharibika ukilazimisha ikiwa ya moto. Hamisha koili ya silinda mbovu uiweke kwenye silinda nzima, urudie jaribio. Ugonjwa ukihama na koili, umeupata. Ukibaki palepale, hamisha plagi. Ukigoma hata hapo, basi ni nozeli, waya au kompresheni, na hapo ndipo fundi anastahili pesa yake. Fundi anayekuagiza koili zote nne kabla hajahamisha hata moja anabahatisha kwa mfuko wako.

Je, wajua maana ya P0303? Kisomeo cha kompyuta ya gari kikionyesha namba hiyo, silinda ya tatu inamisi. P0301 ni ya kwanza, na P0300 ni misi inayotangatanga kwenye silinda mbalimbali. Kwa 1NZ, hesabu kuanzia upande wa mkanda. Ila jihadhari: baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa visomeo vya bei chee.

Je, wajua kwamba taa ya njano ya injini ikipepesa ni mbaya kuliko ikiwaka mfululizo? Kupepesa ni onyo kwamba petroli isiyoungua inafika kwenye masega ya kusafishia moshi na kuungulia humo. Masega hupata moto kupita kiasi, huyeyuka na kuziba njia ya moshi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo sababu wapo wanaozunguka kuyanunua hata yakiwa yamekufa. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha.

Je, wajua kwamba plagi inasomeka? Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu: mafuta mengi au chujio la hewa limeziba. Imelowa oili: kagua gasketi ya kava ya juu, kisha ringi za pistoni. Imelowa petroli: cheche haikupiga.

Plagi ya kawaida hudumu takriban kilomita 20,000 hadi 30,000. Ya iridiamu halisi hufika hata 100,000. Neno zito hapo ni "halisi".

Je, wajua kwamba kuosha injini kwa mpira wa maji kunaweza kuzaa misi asubuhi yake? Maji hutuama kwenye mashimo ya plagi. Masika nayo hufanya kazi hiyohiyo bila kualikwa.

Je, wajua kwamba tangu 2010 petroli nchini huwekewa vinasaba ili kuwabana wachakachuaji? Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani na kuchafua plagi. Misi ikianza dakika chache baada ya kujaza tangi, usianze na spana.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche? Misi yake mara nyingi ni hewa kwenye mafuta au nozeli. Na kama ni ya kisasa yenye reli moja ya mafuta, usilegeze nati ya bomba injini ikiwaka: mafuta yanayoruka kwa mgandamizo huo hupenya ngozi.

Je, wajua kwamba Morogoro hufundisha panya? Shirika la APOPO, lililo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), huwafunza panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ndugu zao wa mtaani hawana nidhamu hiyo. Hulala juu ya injini yenye joto na kutafuna nyaya za nozeli. Gari likilala siku kadhaa kisha likaamka linamisi, tafuta kwanza vinyesi na waya uliomenywa, kabla ya kugusa plagi.